Kukua Mikononi mwa Wenzako: Niliyojifunza katika Judo

Judo huonekana kuwa mchezo wa mtu mmoja. Anayepanda mkekani hupanda peke yake, mwamuzi humtazama yeye, ushindi huandikwa kwa jina lake, na mkanda anaoufunga kiunoni haukopeshwi wala haugawanywi. Kwa sababu hiyo wengi wetu huingia katika ukumbi wa mazoezi tukiwa na nia iliyo wazi ya kujijenga wenyewe: kupata nguvu, kujiamini, kujua kujihami, kushinda. Sioni kwamba nia hiyo ni ya kuonewa haya, wala sidhani kuwa mtu anapaswa kuificha. Lakini baada ya miaka mingi ya kuanguka na kuangusha, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye nikiwa msaidizi wa mwalimu, nimefikia imani moja ambayo imebadilisha namna ninavyofanya mazoezi na namna ninavyofundisha. Katika judo hakuna hatua hata moja ya maendeleo ya mtu binafsi isiyopitia katika mwili wa mtu mwingine. Kwa hiyo anayetaka kukua hana budi kujiuliza anautumiaje mwili alioazimwa, na ni mwili wa namna gani anaowaazima wenzake.

Chukua zoezi la kawaida kabisa, lile tunaloliita uchikomi, ambamo mtu huingia katika mtupo tena na tena bila kuumalizia. Anayetazama kutoka pembeni humwona mmoja anayefanya kazi na mwingine anayesimama tu. Ukweli ni kwamba yule anayesimama ndiye anayeamua ni kitu gani mwenzake atajifunza jioni hiyo. Akikakamaa kwa kuogopa kuinuliwa, mwenzake atazoea kuingia akiwa ameinama, maana mwili hutafuta njia yoyote ya kukwepa ukinzani huo, na mazoea hayo yakishaingia huchukua muda mrefu kuyang'oa. Akilegea kama nguo iliyoanikwa kambani, mwenzake ataamini kwamba mtupo wake umekamilika, kumbe hajawahi kuvunja mizani ya mtu hata mara moja. Mwenza mzuri husimama wima, huacha uzito wake uwe wa kweli, hukinza kidogo tu pale ambapo mpinzani halisi angekinza, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine husema kwa sauti ya chini jambo moja lenye manufaa: kiwiko chako kimeachana na mwili, au mguu wako wa kushoto umetua mbali mno. Maneno ya namna hiyo kutoka kwa mtu aliyeuhisi mtupo mgongoni mwake yamenifundisha zaidi kuliko maelezo mengi niliyopewa nikiwa nimekaa.

Nilikuwa na mwenza wa aina hiyo katika miaka yangu ya mwanzo. Hakuwa na jina katika mashindano, na sidhani kama alilitamani. Alikuwa na miguu mizito na mikono yenye subira, na kila aliyekuwa akijiandaa kwa shindano kubwa alikuwa akimtafuta yeye kwanza. Baada ya muda nilianza kugundua jambo ambalo sikulitarajia: katika mpambano huru, yaani randori, watu waliokuwa na medali walikuwa wakipata taabu kubwa kumwangusha. Mtu aliyesimama miaka yote akiwapokea wengine alikuwa ameijua mitupo yao kwa undani kuliko walivyoijua wenyewe. Alisikia mkono ukikaza kwenye ukosi kabla mwenye mkono hajaamua, akahama nusu hatua, na shambulio likafa kabla ya kuzaliwa. Hakupoteza maendeleo yake kwa kuwahudumia wenzake, kwani maendeleo yake yalikuwa yakipita katika huduma hiyohiyo, ingawa yalichelewa kuonekana.

Hili si wazo geni katika judo. Kano Jigoro, aliyeuanzisha mchezo huu mjini Tokyo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, ndani ya chumba cha mikeka kumi na miwili tu, alikuwa kijana wa miaka 21 aliyekwisha kusomea mifumo ya kale ya jujutsu, sanaa ya Kijapani ya kupigana bila silaha. Alikuwa mwalimu kwa kazi na kwa tabia, akaongoza shule na chuo cha kufunzia walimu, na judo aliitazama kama elimu kabla ya kuitazama kama mapigano. Misingi miwili aliyoiacha hufundishwa hadi leo: kutumia nguvu za mwili na akili kwa namna iliyo bora kabisa, na kustawi pamoja, mtu na wenzake. Kwa muda mrefu niliichukua misingi hiyo kama mambo mawili yaliyokaa mbalimbali, wa kwanza ukinihusu mimi na ufundi wangu, wa pili ukihusu adabu na urafiki. Siku hizi naiona kuwa sehemu mbili za kazi moja, na kilichonifungua macho kilikuwa jambo dogo la kiufundi ambalo kila mwanafunzi hufundishwa mapema na wengi hulisahau.

Unapomtupa mtu kwa mtupo wa bega, mkono wako mmoja unakuwa umeshika mkono wa koti lake, chini kidogo ya kiwiko. Kwa sehemu kubwa ya mtupo, mkono huo huvuta ili kumtoa katika mizani na kumzungusha. Lakini sekunde ya mwisho, miguu yake ikiwa juu na mgongo wake ukielekea mkekani, mkono huohuo hubadili kazi: huvuta kuelekea juu, kana kwamba unataka kumrudishia sehemu ya anguko lake. Mvuto huo ndio unaozuia kichwa kisigonge chini, ndio unaoupa mkono wake wa pili nafasi ya kuupiga mkeka na kutawanya kishindo, na ndio unaomfanya ainuke akiwa tayari kutupwa tena. Anayeuachilia mkono wa koti katikati ya mtupo anamwacha mwenzake aanguke peke yake, na kuanguka peke yake kutoka begani mwa mtu ndiko kunakovunja mifupa ya bega.

Sasa, kanuni za mashindano husemaje? Ili mtupo upewe ippon, ambayo ndiyo alama kamili inayomaliza pambano, ni lazima mpinzani aanguke kwa mgongo, kwa kasi, kwa nguvu, na chini ya udhibiti wa anayemtupa mpaka mwisho wa anguko. Sharti hilo la mwisho linalindwa na mkono uleule. Aliyejizoeza kwa moyo kumlinda mwenzake ndiye huyohuyo ambaye, siku ya shindano, hubaki ameushika mtupo wake hadi chini, wakati yule aliyezoea kutupa na kuachilia humwona mpinzani akijipindua hewani na kuangukia tumbo, pasipo alama yoyote. Ninapowafundisha vijana jambo hili huwa sizungumzii huruma kwanza. Ninawaonyesha mkono wa koti, ninawaambia waushike mpaka wasikie kishindo, na huruma yenyewe huja nyuma yake, kwa sababu ni vigumu kumshika mtu kwa uangalifu namna hiyo kila jioni kisha ukaendelea kumwona kama kifaa.

Nilipoumia goti, nilikaa kipindi kirefu bila ruhusa ya kufanya mpambano huru. Daktari alikuwa ameniruhusu kusimama, kutembea na, baadaye, kutupwa kwa mitupo niliyoijua mapema. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kuanguka kwa ajili ya wengine. Nakiri kuwa mwanzoni niliihesabu kama muda wa kusubiri. Hata hivyo ilikuwa katika kipindi hicho ndipo nilipoelewa jinsi mizani inavyovunjwa. Nilitupwa na watu wenye nguvu nyingi na nikahisi kila hatua ya kazi yao, kisha nikatupwa na mama mmoja mwembamba, mwenye umri mkubwa kuliko sisi sote, na sikuhisi kitu mpaka nilipouona mwanga wa dari. Nilimwomba anirudie, naye akanirudia polepole. Hakuwa akinivuta. Alikuwa akingoja nihamishe uzito wangu kwa hiari yangu, kisha akaziba mahali ambapo mguu wangu ulitaka kwenda. Jambo hilo lisingeweza kuonekana kwa macho. Lilihitaji kuhisiwa na yule anayeanguka. Niliporudi katika mpambano huru, mtupo wangu wa kufagia mguu, ambao ulikuwa umekwama kwa miaka, ulianza kufanya kazi, na sikuwa nimeufanyia zoezi hata kidogo.

Kata, yaani mfuatano wa mbinu uliopangwa mapema, hufundisha jambo hilohilo kwa njia ya utaratibu zaidi. Ile ya mitupo, Nage no Kata, ina mitupo 15 iliyogawanywa katika makundi matano ya mitupo mitatu, na kila mtupo hufanywa kulia na kushoto, kati ya watu wawili ambao mmoja hutupa na mwingine hutupwa. Wengi huiendea kwa sababu inahitajika katika mtihani wa mkanda mweusi, na wote hutaka kuwa yule anayetupa, kwa kuwa ndiye anayepimwa. Mimi huwaomba wabadilishane tangu juma la kwanza. Anayetupwa hulazimika kushambulia kwa dhati, kutoa mwendo wa kweli, kisha kuanguka mara thelathini kwa unyoofu uleule, na endapo shambulio lake ni la uongo, mtupo wa mwenzake huwa uongo pia, hata kama mwenzake ni stadi kiasi gani.

Yapo mambo mengine ya kawaida sana ambayo hupima kwa ukali zaidi uhusiano kati ya nafsi na kundi, na sijui kwa nini huzungumzwa kidogo. Kucha ndefu, koti lisilofuliwa, na magonjwa ya ngozi. Choa huambukizwa kwa kugusana ngozi na kwa mikeka, na ukumbi mmoja unaweza kujaa kwa muda mfupi iwapo mtu mmoja ataficha duara jekundu shingoni. Kijana aliyebakiza juma moja kabla ya mashindano huona kwamba kukosa mazoezi ni kupoteza kila alichokijenga, na kwa upande wake ana sababu. Lakini akiingia mkekani na ugonjwa, wenzake ndio watakaokosa mazoezi yao baadaye, pamoja na watoto wa darasa la mchana ambao hawana habari yoyote. Katika ukumbi wetu tulikubaliana kwamba mwenye dalili asingeingia mkekani, ila asingerudishwa nyumbani pia: angekaa pembeni, angetazama, angepewa zoezi la mpira wa kuvuta uliofungwa nguzoni, na angehesabiwa kuwa amehudhuria. Tangu utaratibu huo uwepo, watu husema wenyewe mapema. Sidhani kuwa walikuwa wabaya kabla ya hapo. Ukweli ulikuwa na gharama kubwa mno kwa mtu mmoja, nasi tukaipunguza gharama hiyo.

Ninaandika haya nikijua kuwa kuna upande wa pili, na ningewadanganya wasomaji kama ningeupita haraka. Kundi nalo linaweza kummeza mtu. Nimewahi kufanya mazoezi mahali ambapo neno umoja lilitumika kuwanyamazisha watu. Aliyeomba kupumzika kwa sababu ya maumivu aliambiwa kwamba anawaangusha wenzake. Wepesi wa uzito walipangwa na wazito kila jioni kama miili ya kujaribia, na mtu alipokataa kupambana na mwenza aliyejulikana kwa kuchelewa kuachia kabali, alionekana mwoga. Huo si ushirikiano, kwa sababu kustawi kulikwenda upande mmoja tu. Katika judo mtu anapoupiga mkono wake mkekani, au mwilini mwa mwenzake, mara mbili kuonyesha kwamba amesalimu amri, yule mwingine huachia papo hapo, bila swali. Mazoezi yote ya kabali na ya kukunja kiwiko yamejengwa juu ya uhakika huo. Ningependa kila ukumbi uchukulie maneno kama "nimechoka", "goti linauma" au "leo siwezi kupambana na yule" kwa uzito uleule: yasihojiwe mbele za watu, na yasiandikwe kama deni.

Vilevile ninaamini kuwa mwanafunzi ana haki ya kuwa na muda ambao ni wake mwenyewe kabisa. Yapo mambo ambayo kundi haliwezi kumfanyia: kulala vya kutosha, kukimbia, kupanda kamba, kuangalia upya mapambano yake na kuandika katika daftari kile kilichomshinda. Na yapo majuma, hasa kabla ya shindano, ambapo inafaa mtu mmoja apewe zaidi ya wenzake. Tunamweka katikati, wenzake wanaingia mmoja baada ya mwingine wakiwa hawajachoka, naye hapumziki. Pambano la watu wazima ni la dakika nne, na linaweza kurefushwa kwa muda wa nyongeza usio na kikomo, kwa hiyo mwili wake lazima ujue uchovu wa aina hiyo. Jioni hiyo wengine wote ni watumishi wake. Ninachosisitiza ni kwamba jambo hilo lisemwe wazi, kwa jina la mtu na kwa muda unaojulikana, na kwamba zamu izunguke, ikiwa ni pamoja na kuwafikia wale ambao hatutegemei walete medali. Upendeleo usiosemwa ndio unaooza.

Mashindano ya timu yamenionyesha mizani hii kwa uwazi kuliko kitu kingine. Tangu michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, judo ina shindano la Olimpiki la timu mchanganyiko, lenye wanawake watatu na wanaume watatu, na timu ya kwanza kufikisha ushindi wa mapambano manne ndiyo inayoshinda. Katika fainali ya Paris mwaka 2024, Japani ilikuwa mbele ya Ufaransa kwa 3–1. Joan-Benjamin Gaba wa Ufaransa akasimama mbele ya Hifumi Abe, bingwa wa Olimpiki mara mbili ambaye kwa kawaida hushindana katika uzito mwepesi kuliko huo, akashinda baada ya pambano refu. Sarah-Léonie Cysique akasawazisha, ikawa 3–3, na droo ikafanywa ili kuchagua uzito wa pambano la mwisho. Ikaangukia wanaume wazito, Teddy Riner akamshinda Tatsuru Saito, na Ufaransa ikapata dhahabu kwa 4–3. Picha zilizosambaa zilikuwa za Riner, na alistahili, ila mimi huwaonyesha wanafunzi pambano la Gaba. Alikuwa peke yake pale, hakuna mwenzake aliyeweza kumgusa au kumsaidia kushika koti, na kila alichokuwa nacho kilikuwa ni ufundi wake binafsi. Hata hivyo namna alivyolipigania pambano lile haieleweki bila wale waliokuwa wamesimama pembeni wakingoja zamu ambayo ingeweza isifike.

Katika mashindano madogo ya vilabu, ambapo wakati mwingine sare huruhusiwa kati ya timu na timu, nimeona jambo la unyenyekevu zaidi. Kijana wetu mmoja, asiye na nguvu nyingi, alipangwa dhidi ya mtu aliyemzidi kwa kila kipimo. Kazi yake ilikuwa kutoanguka. Alishika mkono wa koti la mpinzani, akauzuia ule mkono wa kulia tu kwa muda wote, akatembea, akaingia katika mashambulio madogo ili asiadhibiwe kwa kukwepa, na pambano likaisha bila mshindi. Hakuna kitabu cha kumbukumbu kitakachoandika sare hiyo. Lakini timu nzima iliinuka, na nilimwona akirudi kwenye mstari akiwa na uso ambao hata ushindi wake mwenyewe haukuwahi kumpa. Katika miezi iliyofuata ulinzi wake wa mkono ule ukawa msingi wa mashambulio yake yote.

Swali gumu zaidi ni la kuondoka. Msichana mmoja tuliyemlea tangu akiwa mtoto alifika mahali ambapo hakuna mwanamke wa uzito wake katika ukumbi wetu aliyeweza kumsumbua. Alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Mwalimu, nikihamia klabu kubwa, nitakuwa nimewatupa wenzangu?" Nilimwambia kuwa miili yetu ilikuwa imemfikisha ilipoweza kumfikisha, na kwamba kumzuia kungekuwa ni kumfanya alipe kwa ujana wake deni ambalo hakuna aliyemkopesha. Si wote ukumbini waliokubaliana nami. Baadhi waliona kwamba wadogo wake, waliokuwa wakijifunza kwa kumshika yeye, wangebaki bila mtu wa kuwavuta juu, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Tulikaa, tukazungumza mbele yake, na tukapatana kwamba angehama, na kwamba jioni moja kila juma angerudi kufanya uchikomi na wadogo wake. Baadhi ya majuma huja, mengine hushindwa kwa sababu ya safari na uchovu, nasi hatumdai. Wadogo wake wameanza kushikana wao kwa wao kwa bidii zaidi, na wawili kati yao sasa wananilazimisha nijiandae vizuri kabla sijapanda nao mkekani.